Simba Aliyefumba Kinywa: Maswali Yenu Kuhusu Kuchora Wanyama wa Porini

Barua nyingi za mwezi huu zinalalamikia jambo moja kwa maneno tofauti: mnyama amechorwa, viungo vyote vipo, rangi ni nzuri, lakini picha haina uhai. Tumechagua barua nane. Wanaojibu ni wachoraji wa jopo letu.

Shikamooni. Nachora simba akinguruma kwa rangi za mafuta. Meno yote nimeyaonyesha na kinywa nimekifungua kabisa, lakini wenzangu wanasema ni mbwa anayepiga miayo. Nimekosea wapi?
*Mwanafunzi wa sanaa, Morogoro*

Marahaba, mwanetu. Wenzako wameona sawasawa. Umechanganya mambo matatu ambayo simba hayafanyi kwa wakati mmoja: kunguruma, kukenua meno na kupiga miayo.

Simba anaponguruma hakenui. Hunyoosha shingo mbele, kichwa kikashuka hadi usawa wa mabega au chini zaidi, na midomo ikasogea mbele ikafanya duara kama ya mtu anayepuliza baragumu. Kinywa hufunguka nusu tu. Kazi yenyewe inafanyika tumboni: kila sauti inapotoka, mbavu zinabana na tumbo linaingia ndani. Ngurumo hiyo husikika hadi kilomita 8 usiku ukiwa shwari. Ukitaka mtazamaji aisikie, chora lile tumbo lililobana na ile shingo iliyonyooka, meno uyaache.

Akikenua ili kutisha, uso wote hubadilika. Mdomo wa juu hupanda, ngozi ya pua hukunjamana mikunjo mitatu minne inayokwenda hadi chini ya macho, macho huwa membamba, na masikio hugeuka mpaka mgongo wa sikio unaonekana kwa mbele. Mgongo huo una baka jeusi, na baka hilo ni sehemu ya kitisho. Wachoraji wengi wanaokenulisha simba husahau masikio, wakayaacha wima kama ya paka anayesubiri maziwa. Masikio yakiwa hivyo, hata meno marefu kiasi gani hayamtishi mtu.

Miayo ni hii: macho yamefumbwa, ulimi umejikunja, taya limeshuka hadi mwisho, meno yote nje. Picha nyingi za mtandaoni zilizoandikwa “simba akinguruma” ni za simba aliyetoka usingizini, na inaelekea wewe umenakili mojawapo.

Kuhusu kufanana kwake na mbwa: pua ya mbwa imechongoka na hutangulia mdomo. Mdomo wa simba ni mpana, umekatika mbele kama boksi, na chini yake kuna kidevu kizito chenye manyoya meupe. Macho yanatazama mbele na mboni ni duara, si mstari kama ya paka wa nyumbani mchana. Mguu wa mbele ni mnene toka kiwiko hadi kwenye kiganja, karibu haupungui. Na kifua ni kirefu: toka mgongoni hadi chini ya kifua ni karibu nusu ya kimo chake begani. Pima kwa penseli kabla hujagusa rangi.

Ukishamaliza huyo, chora mwingine amefumba kinywa. Simba anayenyatia ndiye anayetisha kuliko wote. Kichwa kiko chini ya mstari wa mgongo, macho hayapepesi, na mifupa ya mabega imechomoza juu ya uti wa mgongo kama vilima viwili vinavyopokezana. Bega la jamii ya paka halikufungwa kwa mfupa kwenye kiunzi, limeshikwa na misuli, ndiyo maana linapanda kiasi hicho. Bega hilo moja lililochomoza likikaa sawa, mtazamaji atajua kitakachofuata bila kuona jino hata moja.

Pundamilia wangu wanaokimbia wanaonekana wamening’inia hewani. Miguu ya mbele nimeinyoosha mbele na ya nyuma nimeinyoosha nyuma. Si ndivyo wanavyokimbia?
*Msomaji, Arusha*

Sivyo, lakini umeingia kwenye kosa ambalo Ulaya nzima iliishi nalo kwa karne nyingi. Théodore Géricault, Mfaransa aliyewajua farasi vizuri, mwaka 1821 alichora mashindano ya farasi ya Epsom, Uingereza, na farasi wote wamejinyoosha mbele na nyuma namna hiyo hiyo yako. Picha iko kwenye jumba la makumbusho la Louvre, Paris. Jibu lilipatikana mwaka 1878 huko Palo Alto, California, mpiga picha Eadweard Muybridge alipopanga kamera kando ya njia na kumpiga picha farasi akipita kasi. Ikaonekana kwamba kweli kuna wakati kwato zote nne zinaacha ardhi, ila wakati huo miguu imekusanyika chini ya tumbo.

Pundamilia hukimbia kama farasi. Akiwa hewani, mkusanyie miguu tumboni. Ukitaka miguu iliyonyooka, hakikisha angalau kwato moja imekanyaga, na mwili wote ulalie huko.

Duma ni habari nyingine. Uti wake wa mgongo unakunjika na kunyooka kama upinde, na katika kila hatua anaruka hewani mara mbili, mara moja amejikunja na mara moja amejinyoosha. Huyo ndiye wa kunyoosha kabisa, na akikata kona mkia utupe upande wa pili wa kona.

Tembo haruki hata kidogo. Hata anaposhambulia, mguu mmoja au zaidi uko chini. Ukimwinua miguu yote minne, uzito wake wa tani kadhaa unapotea na unabaki na puto la kijivu. Twiga akitembea, miguu ya upande mmoja huenda karibu pamoja, kisha ya upande mwingine. Akikimbia, miguu ya nyuma hupita nje ya ya mbele, na shingo hupiga mbele na nyuma kama mlingoti wa jahazi.

Kosa jingine tuliloliona kwenye picha uliyotutumia: goti la nyuma “linalokunjika kinyume” umelichora katikati ya mguu. Kile si goti, ni kisigino. Goti halisi liko juu, karibu na tumbo, limefichwa na ngozi ya ubavu. Ukilijua hilo, mguu wa nyuma utakaa wenyewe.

Nachora nyumbu wakishuka ukingoni mwa Mto Mara. Vumbi langu linageuka tope, au linakuwa kama moshi wa jikoni. Natumia rangi za mafuta za tyubu.
*Mchoraji, Mwanza*

Vumbi ndilo linalobeba picha za aina hii, kwa hiyo tutakaa hapa kidogo.

Kwanza, vumbi si ukungu unaopaka juu ya picha iliyokamilika. Wengi huchora kundi zima, kila nyumbu na ndevu zake, kisha hujaribu kulifunika. Hapo brashi yenye rangi nyepesi inapita juu ya nyumbu mweusi ambaye bado hajakauka, inachota weusi, na tope linaanza. Geuza mpangilio: anza na anga na vumbi, wanyama wafuate.

Kwa turubai la sentimita 60 kwa 90, changanya fungu hili kwenye paleti: nyeupe ya titani sehemu 4, okeri ya njano (rangi ya udongo wa manjano) sehemu 1, siena iliyochomwa (kahawia nyekundu) robo sehemu, na ultramarini (bluu iliyokolea) kiasi cha punje moja ya mchele. Nyeusi usiiweke kabisa, huchelewa kukauka na hulifanya vumbi kuwa majivu. Ligawe fungu mara tatu. La kwanza liache lilivyo, ni la vumbi linalopigwa na jua. La pili liongezee ultramarini na amba iliyochomwa (kahawia ya giza) kidogo kidogo mpaka liwe jeusi kuliko anga, ni la vumbi lililo kivulini. La tatu lichanganye na rangi ya anga ya chini, ni la pale vumbi linapoishia hewani.

Mkupuo wa kwanza uwe mwembamba, rangi na tapentaini tu. Paka anga na wingu zima la vumbi bila mnyama hata mmoja. Ukiwa bado mbichi, weka nyumbu wa nyuma kwa fungu la pili lililoongezewa amba kidogo: migongo na pembe tu, miguu hapana. Wapo ndani ya vumbi, kwa hiyo rangi yao ni vumbi lililokolea, si weusi. Kingo zao zifute kwa kitambaa kikavu. Acha likauke. Tabaka jembamba lenye amba hukauka siku 1 hadi 2, lenye nyeupe na okeri nyingi huchukua 3 hadi 5, na wakati wa masika huko ziwani ongeza siku. Gusa kwa ncha ya kidole pembeni mwa turubai, likinata, subiri.

Mkupuo wa pili ni wa nyumbu wa mbele, wanne au watano tu, kwa rangi ya tyubu isiyochanganywa. Hapo ndipo weusi halisi unapoingia, na uingie sehemu chache: shavu, chini ya shingo, kivuli cha tumbo.

Mkupuo wa tatu, ambao unaweza kuwa na matone ya mafuta ya kitani, ni wa vumbi la miguuni. Chukua brashi ya nywele ngumu iliyochakaa, chota fungu la kwanza, ipanguse kwenye gazeti mpaka iwe karibu kavu, kisha isugue kwa wepesi kuanzia kwenye kwato kwenda nyuma na juu. Rangi ya chini lazima iwe imekauka. Ona kinachotokea kwenye mguu wa nyumbu mmoja: goti linaonekana wazi, chini yake mfupa unaanza kufifia, na kwato haipo kabisa. Jicho la mtazamaji litaimalizia. Ukiirudia kuichora ile kwato, mwendo unakufa papo hapo.

Moshi wa jikoni unatokana na weupe. Vumbi lina rangi ya udongo wake, na msomaji wa huku atakubaini. Tsavo udongo ni mwekundu hata tembo wake wamekuwa wekundu, basi siena izidi okeri. Amboseli vumbi ni jeupe la kijivu la ziwa lililokauka. Nyanda za nyasi fupi kusini mwa Serengeti ni majivu ya volkano. Chagua mahali kwanza, halafu rangi.

Na kumbuka jua liko upande gani. Likiwa nyuma ya kundi, saa 11 jioni, ukingo wa wingu la vumbi unawaka kuliko kitu chochote kwenye picha, na wanyama wote wanakuwa vivuli vyenye mstari mwembamba wa mwanga mgongoni. Likiwa utosini saa 6 mchana, vivuli vinajikusanya chini ya matumbo na vumbi linapauka. Ni saa ngumu, anayeanza aiepuke. Nyumbu aliyekwisha kutoka majini naye ni mweusi na anang’aa, hawezi kufanana na mwenzake aliyebaki ukingoni na vumbi lake.

Nachora picha za mtindo wa tingatinga kwenye hadibodi kwa rangi ya mafuta ya makopo. Rangi inakunjamana kama ngozi ya maziwa, hasa kwenye miili mikubwa ya tembo na kiboko. Na bodi linapinda.
*Fundi wa picha, Unguja*

Ndugu yetu, tutofautishe kwanza kwa ajili ya wasomaji wengine. “Rangi ya mafuta” ya duka la vifaa vya ujenzi ni rangi ya kung’aa ya milango na baiskeli. Si ile ya tyubu aliyoizungumzia mwenzako wa Mwanza, na huwezi kuzichanganya.

Rangi ya kopo huanza kukauka juu. Ukiipaka nene, juu hufunga ngozi wakati chini bado ni majimaji. Ya chini inapokauka baadaye ngozi haina pa kukaa, inakunjamana. Ndiyo maana inakupata kwenye tembo na si kwenye manyoya ya ndege. Jua kali hufanya hivyo hivyo, na kupaka mkono wa pili wakati wa kwanza haujakomaa pia. Paka mikono miwili myembamba badala ya mmoja mnene, bodi likiwa limelala, kivulini, na uache saa 24 kati yao. Siku za unyevu mwingi uache 48. Thina isizidi sehemu 1 kwa 10 za rangi. Rangi iliyofunga ngozi koponi ichuje kwa soksi ya nailoni, usiikoroge. Pale palipokwisha kukunjamana hapafuniki: acha wiki nzima pagande, piga msasa mpaka pawe sawa, ndipo upake upya. Milango iwe wazi, na moto uwe mbali.

Bodi linapinda kwa sababu umepaka upande mmoja. Upande ulio wazi unanywa unyevu wa pwani na kuvimba. Paka praima, yaani rangi ya msingi, pande zote mbili na kwenye kingo nne, hasa kingo. Kwa hesabu ya kukata: bodi la futi 4 kwa 8 linatoa vipande 8 vya futi 2 kwa 2, bila kupoteza kitu.

Vipimo hivyo ni vya asili. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru mwaka 1932, alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 alitumia mabodi ya dari ya mraba wa karibu sentimita 60 na rangi za baiskeli, kwa kuwa ndizo zilizopatikana kwa bei yake. Alifanya kazi hiyo miaka minne tu. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi ya polisi waliomdhania mtu mwingine. Mtazame chui wake: mnyama mmoja anajaza mraba mzima, nyuma yake rangi tupu, na macho yanakutazama wewe. Kitisho chake kinatoka hapo, kwa jinsi mnyama alivyobanwa na fremu. Wengi leo wanajaza ndege, mti, mlima na wanyama kumi kwenye kipande kile kile, kisha wanashangaa kwa nini hakuna anayesimama kutazama.

Milia ya pundamilia inanichanganya. Kuna kanuni?
*Mama wa watoto wachoraji, Kisumu*

Ipo, mama. Wapake mnyama mzima mweupe kwanza, na kivuli chake chote: tumbo la kijivu cha bluu, ubavu wa mwanga wa krimu. Milia ije juu ya umbo hilo. Shingoni na ubavuni inasimama wima, ikifika kwenye nyonga inainama, na miguuni inalala. Penye bega inagawanyika kama panda ya manati. Iwe myembamba inapozunguka ukingo wa mwili. Huko kaskazini mwa Kenya kuna pundamilia wa Grévy, milia yake ni myembamba sana, tumbo ni jeupe tupu na masikio ni makubwa ya mviringo. Watoto wasimchanganye na wa Mara. Na kwa kuwa wataendelea na chui: chui ana madoa yaliyojipanga kama maua, katikati pana rangi iliyokolea, duma ana madoa ya kujaa, na mistari miwili myeusi ya machozi toka jichoni hadi mdomoni.

Katika hoteli moja nimeona nakala ya picha ya simba yenye jina la Wilhelm Kuhnert. Mzee mmoja aliniambia huyo alichora huku kwetu. Ni kweli? Na kwa nini simba wake wanatisha ilhali hawafanyi kitu?
*Msomaji, Iringa*

Mzee ana haki. Kuhnert alizaliwa Oppeln mwaka 1865, mji ambao leo uko Poland na unaitwa Opole. Akasoma uchoraji Berlin, akafa mwaka 1926. Wakati huo mchoraji wa wanyama wa Ulaya alikwenda bustani ya wanyama, akachora simba aliyenenepa nyuma ya nondo, kisha akamwekea jangwa la kubuni. Kuhnert alikuja mwenyewe Afrika Mashariki ya Wajerumani mwaka 1891, akarudi mwaka 1905 na tena mwaka 1911. Alichora michoro midogo ya rangi porini, kisha akaikuza kuwa picha kubwa nyumbani Berlin. Michoro yake ya wanyama ilienea Ujerumani nzima kupitia vitabu.

Hatuwezi kumsifia bila kutaja yaliyoambatana naye. Alikuwa mwindaji, na wanyama wengi aliowachunguza kwa karibu aliwapiga risasi kwanza. Safari ya 1905 iliangukia Vita vya Maji Maji, na miaka michache baadaye alichora mapigano ya Mahenge, akiyatazama kwa macho ya upande wa wakoloni. Katika picha zake nyingi za nyika hakuna mtu wala kijiji, kana kwamba nchi ilikuwa tupu. Ukoo wako wa Iringa unajua haikuwa tupu.

Sasa ufundi. Tazama mstari wa upeo: ameuweka chini, kwa hiyo simba anasimama juu yake na wewe unamtazama ukiwa umechutama nyasini. Hicho peke yake ni nusu ya hofu. Pili, nyasi na simba zinakaribiana rangi sana. Mwili unaanza kupotea kwenye nyasi na kichwa kinajitokeza, kwa hiyo unamwona kama ambavyo ungemwona kweli, ukiwa umeshachelewa. Tatu, simba wake wana jambo linalowashughulisha nje ya picha. Wanatazama kitu kushoto au kulia ambacho hukioni.

Ukitaka kujifunza hilo kwa vitendo, changanya rangi moja ya nyasi kavu: okeri 3, nyeupe 2, amba 1. Chora nyasi kwa hiyo, na mwili wa simba kwa hiyo hiyo ukiongeza siena kidogo tu. Tofauti kubwa ya mwanga na giza iweke kichwani peke yake. Mara ya kwanza mkono utakataa, utatamani kumzungushia simba mstari mweusi. Usimzungushie.

Mteja anataka picha kubwa ya simba wakimwangusha nyati, “na damu ionekane”. Nimejaribu mara mbili, inakuwa fujo.
*Mchoraji, Nairobi*

Fujo inatoka kwenye miguu. Simba watatu na nyati mmoja ni miguu 16, na ukiionyesha yote jicho halina pa kupumzika. Funga makundi: nyati na simba aliyemshika viwe umbo moja kubwa la giza, kama pembetatu iliyoinama upande anaoangukia. Jaribu kwanza kwa mkaa, mchoro wa ukubwa wa kiganja, giza na mwanga tu. Ukiwa mbali hatua tano usipoelewa nini kinatokea, rangi haitakuokoa. Miguu 5 au 6 ionekane, mingine izamishe kwenye vumbi na nyasi.

Halafu elewa tendo lenyewe. Simba hamuui nyati kwa kumrarua. Humshika koo, au humfunika pua na mdomo kwa meno mpaka akose pumzi. Anayeshika koo hulala chini, mwili wake ukivuta kama nanga, na mwenzake hupanda mgongoni kwa nyuma. Damu kwa wakati huo ni kidogo. Mwambie mteja hivyo kwa heshima, kwa kuwa ni kweli. Damu nyingi nyekundu hulivuta jicho kutoka kwenye uso wa nyati, na uso wa nyati ndio picha.

George Stubbs wa Uingereza (1724–1806) alirudia mada ya simba na farasi kwa karibu miaka 30. Alikuwa na haki ya kuichora: alitumia miezi 18 akipasua mizoga ya farasi tabaka kwa tabaka kabla ya kutoa kitabu chake cha anatomia mwaka 1766. Katika baadhi ya picha hizo simba hajamgusa farasi bado, anatokeza tu gizani, na farasi amekakamaa, puani kumetanuka, miguu ya mbele imesukuma ardhi kurudi nyuma. Kwa maoni yetu hizo zina nguvu kuliko zile ambazo meno yamekwisha kuzama. Bruno Liljefors wa Sweden naye, mwaka 1904, alichora tai akimfukuza sungura. Ndege hajafika, na lile pengo dogo baina ya makucha na manyoya ndilo linalokuzuia kupumua.

Mpelekee mteja michoro miwili ya mkaa: mmoja wa alichoomba, mwingine wa dakika moja kabla, nyati amegeuka kuwakabili, kichwa chini, simba wamemzunguka na hakuna aliyeanza. Achague mwenyewe.

Sina uwezo wa kwenda mbugani. Naruhusiwa kutumia picha za intaneti?
*Kijana, Bagamoyo*

Kunakili picha ya mpiga picha mmoja kama ilivyo na kuiuza ni kuvunja hakimiliki yake. Tanzania sheria hiyo ipo tangu 1999. Kuangalia picha ishirini za nyati ili ujue pembe zinaotaje, kisha ukachora nyati wako, ni kujifunza. Ila jihadhari na lenzi. Picha ya lenzi ndefu hubana umbali, mnyama wa mita 50 nyuma akaonekana amemgusa wa mbele. Picha ya simu iliyopigwa karibu hukuza pua na kudogosha masikio. Ukizinakili zote mbili kwenye turubai moja, wanyama hawatakaa ardhi moja.

Na mbuga si lazima ulipie. Barabara kuu ya Morogoro kwenda Iringa inakatiza Hifadhi ya Mikumi, na tembo, twiga na swala huonekana ukiwa kwenye kiti cha basi. Kaa dirishani na kijitabu, chora mstari wa mgongo tu, sekunde kumi kila mnyama.

Nyumbani una walimu wa kutosha. Paka anayenyatia mjusi ana mabega yale yale ya simba tuliyoeleza mwanzo. Punda ana mguu wa pundamilia. Mbuzi ana mguu wa swala, na mboni ya kulala kama ya swala, ambayo wachoraji wengi huikosea wakaweka duara. Nenda kwa muuza nyama, nunua mguu mzima wa nyuma wa mbuzi, umwambie asiukate penye kiungo. Uchemshe mpaka nyama iachie, uikaushe mifupa juani siku mbili, uifunge kwa waya ikunjike kama ilivyokuwa, uuning’inize karibu na dirisha unapochorea. Uchore mara 30, kila mara ukiwa umekunjika tofauti, kabla hujachora swala wa kwanza anayekimbia.